Ndiyo ya Ndinda

...na swali ni lile lile, halijabadilika hata nukta, Afande Okinyi amelisoma kwenye karatasi bila kuinua macho, umewahi kutumia dawa za kulevya, na Ndinda, fundi wa mitambo ya rada, aliyekaa mbele ya meza hii hii miaka miwili iliyopita akijibu "hapana" upesi kama mtu aliyeungua, sasa anausikia ulimi wake mzito, honi za barabara ya First Avenue zinapanda hadi dirishani, na Ochola wa kazini jana tu alimwambia, "Wee kataa, bana, nani atajua?"... nani atajua, ndivyo alivyojidanganya mara ile, asijue kwamba wapelelezi wangefika mpaka Dandora, wabishe mlango baada ya mlango, wamkute Mitchelle akimsuka mteja, Mitchelle aliyevuta naye bangi juu ya paa walipomaliza chuo, miaka miwili ya kutafuta kazi na kurudi mikono mitupu, na Mitchelle akawajibu, "Tulivuta, tukaacha," basi, na kibali cha usalama kikaota mbawa, na kazi ya uwanja wa ndege nayo, lo, alivyomchukia Mitchelle, akimwona sokoni anavuka barabara, mwaka mzima, hadi alipoichukua tena ile barua ya kunyimwa kibali na kuisoma bila machozi, ikasema wazi, bangi ilikuwa ya zamani, ingeweza kusameheka, kilichomwangusha ni uongo, kwa maana anayeficha jambo ana bwana, yeyote aliyelijua anaweza kumshika koo na kumwamuru afungue mlango asiopaswa kufungua... "Bi. Ndinda, umesikia swali?" amesikia, amelisikia tangu Jumapili, alipomkuta mama yake, Kalekye, angali na sare ya kwaya, akamweleza yote, chai ikapoa, mama akitazama vikombe, kisha, "Nilijua, mwanangu. Nguo zako nilikuwa nazifua mimi. Nilingoja useme mwenyewe," miaka yote hiyo alimwogopa mtu aliyekuwa akimngoja! na kutoka hapo mbio hadi saluni, akasimama mlangoni hajui aanzie wapi, "Mitchelle, nisamehe," naye Mitchelle, kitana mdomoni, "Kaa chini nikusuke, hicho kichwa ni aibu," wakacheka hadi wateja wakageuka, na ni nani basi aliyebaki wa kumtisha, mama anajua, Mitchelle anajua, Ochola atajua kesho, hakuna, hayupo hata mmoja... "Ndiyo, afande," anasema, na sauti ni yake, haitetemeki, "bangi, miaka miwili, niliacha miaka sita iliyopita, na mara ya kwanza nilipokaa hapa nilikudanganya," kalamu inasimama, Okinyi anainua macho, anamtazama kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza, "Kwa nini unaniambia sasa?" "Kwa sababu ni kweli, afande, na sina wa kumficha tena," mzee anakohoa, anaandika, anaandika kirefu, uso hauoneshi kitu, na kibali kije au kisije, rada zitamngoja au zitampata mwingine, lakini kifua hiki kilichobanwa miaka yote kimefunguka, pumzi inaingia hadi chini kabisa, amewashinda, amewashinda wote waliokuwa ndani yake wakinong'ona kataa, anakaa wima, anatamani kuimba humu humu ofisini, na kurasa bado ni nyingi mbele ya Okinyi, na ziwe nyingi, uliza, afande, uliza lingine...