Jiwe Kwenye Njia ya Mashua

Barafu ilipoondoka pwani ya kisiwa cha Hiiumaa, jiwe lilikuwa limeshalala katikati ya njia ya mashua, kubwa kama ng'ombe, na nyuma yake mfereji mrefu topeni, kana kwamba mtu amepita na plau. Vaike alilitazama, mtoto mgongoni, moyo usishtuke. Tangu mumewe Aado azikwe Januari, hakuna kilichomshtua. Hata mkate mweusi aliutafuna kama kitambaa.

"Shemeji, niuzie mashua," alisema Endel, kaka yake Aado, mikono mifukoni. "Bila njia, hiyo ni banda la kuku tu. Samaki wa heringi wanafika wiki ijayo, nawe umefungiwa mlango."

Vaike akamkaza mtoto vizuri mgongoni.

"Au utalibembeleza litoke? Trekta langu lenyewe litazama hapo."

"Barafu imelileta," Vaike alisema taratibu. "Barafu italiondoa."

Ndivyo walivyofanya wazee: baridi ikikaza, jiwe hufungwa kwa mnyororo kwenye barafu, maji yakipanda barafu huinuka nalo, na barafu ikivunjika, upepo wa nchi kavu huipeleka kilindini pamoja na jiwe.

Endel akacheka. "Barafu ya siku hizi? Karatasi, shemeji!"

"Na hii iliyolisukuma ilikuwa karatasi?"

Endel akajikuna kidevu.

"Mwaka huu nitakusafishia samaki wako kwa ujira," alisema Vaike. "Mashua haiuzwi."

"Mkaidi kama marehemu!" Akaenda zake akinung'unika.

Kila mwaka barafu ilipoyeyuka, Aado alikuwa akihesabu hatua kutoka kwenye msonobari wa ufukweni hadi kwenye jiwe hilo, ambalo barafu ilizidi kulisogeza, kisha akiichonga hesabu kwenye mlango wa banda la nyavu. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Vaike akahesabu mwenyewe, miguu mizito kama si yake: ishirini na sita. Akaenda bandani, akatoa mfukoni kisu cha mumewe, akachonga chini ya zile nyingine.

Alipoufungua mlango, kitu kikagonga mbao. Ni ule mnyororo mpya, mnene, ambao Aado aliununua kabla ya baridi, naye Vaike akamgombeza kwamba ni wa kazi gani.

Sasa alijua. Akaushika. Chuma kilikuwa cha baridi hadi mfupani, na Vaike akashangaa kwamba anaihisi.

Mtoto akanyoosha mkono juu ya bega lake.

"Gusa, mwanangu," Vaike alimwambia. "Baridi, eeh?"