Kuamia Uwele Mbele ya Mgeni

Sharti langu la kwanza kwa wageni ninaowaongoza kutazama ndege ni kunyamaza. Ndege hana subira na mtu mwenye mdomo. Dada Debora, mtumishi wa Bunge, alilishika sharti hilo kunishinda mimi mwenyewe: bwawani Hombolo nilipopiga chafya alinikanyaga mguu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi tulizunguka mbuga za Kongwa, tukaona tandawala wawili, wale ndege wakubwa wa nyikani. Ijumaa tukapanda milima ya Kondoa, kwetu, kutafuta hondohondo. Njiani aliniambia wenzake kumi na watano wa ofisini wanataka safari kama hii mwezi wa sita, na kwamba watakwenda na kiongozi atakayewapendekezea yeye. Mwezi wa sita sikuwa na mgeni hata mmoja. Nikawa mpole kama maji ya mtungi.

Jumamosi asubuhi tulipita shambani kwa mama yangu, Bi Mishi. Uwele wake ulibakiza wiki moja uvunwe. Tangu punje zianze kutia maziwa alikuwa akiamia ndege peke yake, maana mimi, mwanawe wa pekee, nilikuwa na kazi ya kuwaonyesha watu ndege haohao. Nilimkuta bega limevimba na sauti imekauka kwa kupiga kelele. Niliona aibu.

"Shikamoo, mama," Debora alisema.

"Marahaba, mwanangu," mama alinong'ona. "Umekuja kuwatazama wezi wangu?"

Kabla hajajibiwa, wakaja. Kwelea, maelfu kwa maelfu, wakizunguka juu ya shamba kama moshi. Debora aliinua darubini, akanishika mkono.

"Usitikisike, Nurdini. Waache watue. Dakika moja tu."

Dakika moja ya kwelea ni chakula chetu cha wiki. Mama alinitilia kombeo kiganjani.

Niliwaaga wale kumi na watano moyoni, nikapiga ukelele hata koo likaniuma. Nikarusha dongo la kwanza, la pili, la tano. Kundi likageuka, likaangukia shamba la jirani yetu Habibu, ambaye alikuwa amempeleka mkewe kujifungua. Kwetu, ndege uliowafukuza wakatua kwa mtu asiyekuwapo ni wako wewe. Nikakimbia huko nako, na huko nikashinda mpaka saa nane.

Debora alinisubiri ndani ya gari. Nilipoingia, jasho linanitoka, alikuwa akifuta vioo vya darubini.

"Uliniahidi ndege, Nurdini. Hukuniahidi vita."

"Ni ndege walewale, dada."

Hakucheka. Tulipofika Dodoma jioni aliniaga kwa adabu, na mwezi wa sita wenzake walikwenda na kiongozi mwingine. Iliniuma, sitadanganya.

Lakini usiku uleule wa Jumamosi nilirudi Kondoa. Jumapili kulipopambazuka nilikuwa tayari shambani, na mama, kwa mara ya kwanza tangu punje zianze kutia maziwa, alilala mpaka jua likapanda.