Samaki wa Kwanza wa Ami Harub

Sharti la Ami Harub, ndugu wa baba yangu, lilijulikana mtaa mzima wa Darsait: ukipanda botini mwake, mambo ya nchi kavu hayasemwi mpaka samaki wa kwanza naye apande. "Maneno yanamtia samaki wasiwasi," husema. Mimi naona yanamtia wasiwasi yeye.

Alkhamisi ile nilikuwa na jambo moja tu la nchi kavu: kumposa binti yake, Noof. Na siku hiyohiyo, baada ya laasiri, watu wa mtaa wa Wattaya walikuwa wanakuja kumposea kijana wao, muuza magari. Yeye ana magari. Mimi nna cheti cha sekondari na mdomo.

Tuliondoka ufuo wa Bustan alfajiri, sisi wawili tu, mashine ikikohoa na mishipi miwili ikitufuata nyuma. Kurambaza ni kukaa kimya ukitazama uzi. Kwangu mimi, hiyo ni kumfunga mbuzi mbele ya majani.

Saa mbili, hakuna. Saa nne, hakuna.

"Ami, labda samaki washaanza likizo. Si kesho Ijumaa?"

"Nyamaza, Asaad."

"Au wanaiogopa hiyo kofia yako."

Akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Saa tano mshipi wangu ukashtuka. Nikapiga ukelele, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kikaja chambo peke yake, kimetafunwa nusu.

"Unavuta kama unachota maji kisimani! Samaki hulegezewa, akapewa njia."

"Basi huyu ahisabiwe, Ami. Alama za meno yake hizi hapa!"

"Meno hayaliwi na wali."

Adhuhuri tukaswali kwa zamu, mmoja akishika usukani. Saa nane mafuta yakawa ya kurudia tu, na Ami akageuza boti. Nikaliona paa la hoteli kubwa ya Bustan likisogea, nikatamani nijitose nimng'ate samaki mwenyewe.

Tumekaribia ufuo, uzi wa Ami ukakaza. Akalegeza, akavuta, akalegeza tena. Mie roho juu. Nguru akapanda botini, urefu wa mkono wangu. Hata ndoana sikumngoja aitoe.

"Ami, kapanda! Nnamtaka Noof. Nnataka kumuoa."

Akanitazama, nguru akipigapiga mkia baina yetu. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Ewe Asaad! Siku nzima umeuweka mzaha huo? Kama ule wa ngamia!"

Ngamia. Idi iliyopita nilimwambia, uso mkavu, kwamba serikali imenipa kazi ya kuwafundisha ngamia kuogelea. Akasimama msikitini akaniombea dua mbele ya watu wote.

"Sasa sifanyi mzaha, Ami. Huoni sicheki?"

"Na siku ile hukucheka vilevile."

Njia nzima mpaka Darsait nilirudia maneno yaleyale, na kila nikirudia ndivyo alivyozidi kufuta machozi. Tulipofika kwake, viatu vya wageni vilishajipanga mlangoni, vinang'ara kama magari yao. Nikaingia nyuma yake nimemning'iniza nguru.

"Jamani, samahani kwa kuchelewa," akasema Ami. "Huyu mtoto wa ndugu yangu kamposa Noof baharini, mbele ya nguru!"

Majlisi yote ikaangua kicheko. Muuza magari akajipiga paja. Wakaningoja na mimi nicheke, kama kawaida yangu. Nikabaki nimesimama, damu ya samaki ikinidondokea kwenye kanzu. Kicheko kikapungua, kikawa cha mtu mmoja, kisha kikakatika.

Nyuma ya pazia la jikoni ikatoka sauti ya Noof.

"Baba, aliposema, samaki alikuwa keshapanda?"

Ami akageuka. "Keshapanda, ndiyo. Kwani nini?"

"Basi hujamjibu."

Ami akamtazama nguru, akanitazama mimi, akavua kofia yake kama mtu aliyekumbushwa deni.