Kupitia kwa Mheshimiwa Spika

Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, Bunge la Sent Alban lilikutana sebuleni mwa nyumba moja ya mbao huko Takoma Park, likiwa na Spika mmoja na mbunge mmoja. Spika alikuwa Mzee Eustace Pilgrim. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kushoto, na usahaulifu umemchukulia karibu vyote vilivyobaki, isipokuwa cheo. Mbunge alikuwa Leokadia, mama wa Kihaya aliyeajiriwa kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa. Hakuna aliyempigia kura, lakini tumeona wabunge wabaya zaidi waliopigiwa.

Sent Alban ni kisiwa cha Karibi, kidogo kiasi kwamba nzi akitua kwenye ramani kinapotea. Hata hivyo kina mabaraza mawili, kama mataifa makubwa. Baraza la Juu ni la walioteuliwa, Baraza la Chini ni la waliochaguliwa, na hilo la chini ndilo Mzee Pilgrim aliloliongoza miaka mingi kabla binti yake, Marva, hajamleta Marekani amtunze. Ukitaka kumkasirisha, lisifie la juu. "Wale waliteuliwa na mtu anayekunywa chai," alikuwa akisema kwa Kiingereza chake cha kisiwani. "Sisi, watu walitoka majumbani mwao kwenye mvua, wakatuchagua."

Leokadia alipoanza kazi, ilipofika saa nne mzee alihangaika, akajaribu kuinuka, akalia kama mtoto. Bunge limeanza, wabunge wako wapi? Marva alikuwa akimpa kidonge cha kumtuliza, anasinzia mpaka mchana. Leokadia hakukipenda kile kidonge. Alikuwa amekua akisikiliza Bunge redioni pamoja na baba yake, kwa hiyo siku moja alichukua mwiko wake wa ugali, akaulaza mezani mbele ya mzee kama siwa ya Bunge, akakaa kwenye kochi na kusema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Mzee akanyamaza. Akarekebisha kola ya sweta, akasema, "Mbunge wa Bukoba, endelea." Hoja ilikuwa kwamba Spika anywe uji. Ikapita bila kupingwa.

Tangu siku hiyo kidonge kilikaa kabatini, na Leokadia akajifunza sheria. Siwa ikiwa mezani hakuna kutoka. Asiyekuwa mbunge haingii. Na sheria kubwa kuliko zote: mbunge hamsemeshi mbunge mwenzake. Kila neno linaelekezwa kwa Spika. Leokadia aliuliza kwa nini, na mzee, ambaye jina la binti yake lilikuwa linamponyoka, jambo hilo alilijibu bila kusita. "Kisiwa kidogo, mama. Nusu ya wabunge ni binamu, nusu nyingine hawaamkiani. Wakisemeshana wenyewe watarushiana viti. Neno likipitia kwangu, linapoa."

Nyumbani kwa Leokadia hapakuwa na Spika.

Alikuwa akiishi na binti yake Violet kwenye fleti karibu na kituo cha treni, na tangu Desemba walikuwa hawaongei. Si kwamba walikuwa wakigombana, maana kugombana nako ni kuongea. Violet alijibu "okay" na "no", akafunga mlango wa chumba chake taratibu, na ule utaratibu ndio uliomuumiza mama. Sasa ilikuwa Juni, na Jumamosi hiyo Violet alikuwa anahamia Minnesota na rafiki yake Jerotich. Mabegi yalikuwa yamesimama mlangoni tayari. Hakusema atarudi lini, na Leokadia aliogopa kuuliza. Alijua mtoto akiondoka na kinyongo hicho, kule kwenye theluji atakigandisha, na yeye atabaki mama wa mtu asiyempata tena.

Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la kwetu sote. Desemba, mume wake Kalisti, aliyebaki Bukoba akisubiri viza, alianguka shambani akafa. Violet alikuwa kwenye mitihani ya chuo. Kwetu msiba hauambiwi mtoto aliye kwenye mtihani, hilo halina mjadala. Benadetha wa kanisani alisema, "Dada, mwache amalize paper zake kwanza." Dunstan, naye wa kanisani, alisema hivyo hivyo. Makaratasi yao ya uhamiaji yalikuwa bado yanashughulikiwa, na wakitoka nchini hawarudi, kwa hiyo hata angejua asingezika. Basi wiki nzima watu wa kanisani wakaja mmoja mmoja, wakanywa chai, wakamuuliza Violet masomo yanaendaje, huku Kalisti anaoshwa, anazikwa, na Leokadia anasikiliza mazishi kwa kadi ya simu, akiwa amejifungia bafuni na bomba limefunguliwa ili asisikike.

Siku Violet alipomaliza mtihani wa mwisho, walikuja wote kwa pamoja, wanawake wamejifunga kanga. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango. Akadhani wamekuja kumpongeza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyeficha kifo chenyewe huumbuliwa na mlango.

Alhamisi ile, saa nne na dakika chache, siwa ikiwa mezani na Spika kitini, kengele ya nyumba ya Mzee Pilgrim ililia. Leokadia akafungua. Alikuwa Violet, kashika simu mkononi, hamtazami.

"Nimejilock nje. Nipe key yako."

"Mgeni!" Mzee alifoka kutoka ndani. "Mgeni ndani ya Bunge!"

Leokadia alijua kinachofuata: kilio, kuhangaika, labda kuanguka. Akasema jambo la kwanza lililomjia. "Si mgeni, Mheshimiwa Spika. Ni mbunge mpya. Amekuja kuapa."

Mzee akamtazama Violet kwa muda. Msichana wa miaka kumi na tisa, jinzi, raba. "Uchaguzi mdogo," akasema kwa kuridhika. "Karibu, Mheshimiwa. Keti."

Violet alikuwa amewahi kusikia habari za Bunge hili wakati mama yake alikuwa bado anamsimulia mambo. Hakuwa na moyo mbaya. Aliketi pembeni ya kochi, akamgeukia mama yake na kunong'ona, "Mom, ufunguo tu."

Mzee aligonga mkono wa kiti. "Kwa Spika! Kila neno kwa Spika!"

"Mheshimiwa Spika," Violet alisema kwa Kiingereza, macho kwa mzee, "mwambie mbunge huyu anipe ufunguo."

"Mbunge wa Bukoba amesikia?"

"Amesikia, Mheshimiwa Spika. Uko kwenye mkoba wangu, jikoni."

Hapo Violet angeweza kuinuka akauchukue. Alikwisha hata kuweka mikono magotini. Lakini nadhani kulikuwa na kitu katika kumtazama yule mzee, asiyewajua, asiyewahi kunywa chai kwao, ambaye kesho atakuwa amesahau kila neno. Violet alibaki pale pale.

"Na umwambie," alisema, "kwamba mimi niliwafungulia mlango nikicheka."

Mzee akainama mbele. "Hiyo ni hoja, Mheshimiwa?"

"Ndiyo. Ni hoja."

"Itamke ipasavyo."

Violet akasimama. "Kwamba Bunge hili linamlaumu mbunge wa Bukoba, kwa kumficha mtoto wake kifo cha baba yake, wakati kila mtu mwingine anajua."

Mzee Pilgrim alinyooka kitini. Kwa kitambo kile ungeapa kwamba kiharusi hakikuwahi kumgusa. "Hoja nzito," alisema. "Mbunge wa Bukoba ana haki ya kujibu."

Leokadia alisimama. Kiingereza chake kilimtosha kwa uji, kwa dawa, kwa mazungumzo ya hali ya hewa na Marva. Sasa kilimkimbia chote. "Mheshimiwa Spika," alisema, "naomba kusema kwa lugha ya kwetu."

"Mbunge aseme kwa lugha ya waliomchagua," mzee aliamua. "Nani atalitafsiria Bunge?" Akatazama kushoto, akatazama kulia, akizipitia benchi ambazo yeye peke yake alikuwa akiziona. Macho yakarudi kwa Violet. "Mbunge mpya atatafsiri. Na kwa uaminifu. Mwenzako akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'."

Leokadia alishika ukingo wa meza, karibu na mwiko.

"Nilikuwa nawaambia watu ni kwa ajili ya mtihani," alisema. "Haikuwa mtihani."

"Anasema aliwaambia watu..." Violet alianza.

Mkono wa mzee ukagonga kiti. "Kama alivyosema!"

Violet akarudia. "Nilikuwa nawaambia watu ni kwa ajili ya mtihani. Haikuwa mtihani."

"Kila jioni mwanangu alikuwa anarudi, anavua viatu, ananiuliza, baba amepiga? Nami nasema, bado."

Violet alitafsiri. Sauti ilikuwa imeanza kupungua.

"Nikisema bado, naona kama kweli atapiga. Huko Bukoba alikuwa amekufa. Kanisani alikuwa amekufa. Kwa mwanangu peke yake alikuwa bado mzima. Nilikuwa namsubiri jioni arudi, aniulize, ili na mimi niwe na mume kwa dakika moja. Sikutaka kumtoa mume wangu hapo. Nilimwibia mwanangu msiba wake, na nikajua namwibia."

Mzee alingoja. Kumbe hata Spika mwenye kufoka huweza kungoja. Kisha Violet akaanza, neno kwa neno, mimi kwa mimi, na alipofika pale pa kuwa na mume kwa dakika moja alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, lakini hakuruka hata neno. Alifika mwisho.

"Bunge limesikia," mzee alisema kwa upole. "Wanaoafiki hoja ya kumlaumu mbunge wa Bukoba?"

Hoja ilikuwa ya Violet, na Violet hakujibu. Leokadia ndiye aliyejibu.

"Ndiyo."

"Wasioafiki?"

"Siyo," Violet alisema.

Mzee Pilgrim aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Sidhani kama katika miaka yake yote kisiwani alikuwa ameona mshtakiwa akijipigia kura ya lawama na mshtaki akimtetea. "Kura zimelingana," alisema hatimaye. "Zikilingana, Spika hupiga yake. Lakini Spika si wa kumaliza kwa kura moja jambo ambalo wabunge wenyewe hawajalimaliza. Hupiga kura ili mjadala uendelee. Bunge linaahirishwa mpaka kesho saa nne."

Violet alichukua ufunguo jikoni, akaenda. Hawakukumbatiana, sitawadanganya. Jioni Leokadia aliporudi aliukuta mlango wa chumba cha binti yake umefungwa taratibu kama kawaida, na mabegi pale pale yalipokuwa. Jumamosi ilikuwa bado Jumamosi.

Ijumaa saa nne aliweka mwiko mezani, akaketi. Mzee alirekebisha kola. "Shughuli za leo ni zipi?" aliuliza, na Leokadia akaona machoni mwake kwamba mjadala wote wa jana umefutika, hoja, kura na ahadi ya kuendelea. Mtu pekee aliyekuwa amewasikia hakuwa na habari tena.

"Mheshimiwa Spika," alianza, bila kujua ataomba nini, na kengele ikalia.

Violet alikuwa amefunga kanga kiunoni juu ya jinzi, kanga nyeusi ya mama yake, ile ambayo Desemba alikataa hata kuishika. Alipita, akasimama mbele ya meza.

"Mheshimiwa Spika, ninaomba Bunge lisimame kumkumbuka marehemu Kalisti."

"Alikuwa mbunge wa jimbo gani?"

"La nyumbani kwetu."

Mzee akainamisha kichwa. Desturi hiyo aliijua, Baraza lake lilikuwa limesimama kuwakumbuka wengi. "Waheshimiwa, tusimame." Yeye hakuweza, kwa hiyo aliuweka mkono wake mzima kifuani. Leokadia na Violet walisimama bega kwa bega, nje mashine ya kukata nyasi inanguruma kwa jirani, na Leokadia akalia kilio alichokuwa amekizuia bafuni Desemba yote. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Mzee hakugonga kiti.

Baadaye alisema, "Ni desturi mmoja wa wabunge amzungumzie marehemu. Nani atasema?"

Violet alimgeukia mama yake. Alimtazama usoni, na akasema kwa Kiswahili:

"Mama, sema wewe. Nataka kusikia yote. Nani alimwosha, nani alichimba kaburi, walimzika upande gani wa nyumba. Yote uliyosikia kwenye simu."

Mkono wa Mzee Pilgrim uliinuka kugonga, maana hapo sheria kubwa kuliko zote ilikuwa imevunjwa mbele ya macho yake. Ukabaki hewani. Kisha akaushusha, akaulaza pajani.

"Walimzika upande wa migomba," Leokadia alimwambia mwanawe. "Asubuhi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha."