Mkwe Nyuma ya Nguzo

Ukumbi wa lokesheni, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, ulikuwa na urefu wa hatua ishirini na mbili, nguzo sita za mti na mlango mmoja. Kama ungekuwapo mlango wa pili, Walubengo angetoka, na mchezo wa kuigiza wa siku ile angesimuliwa tu na wengine.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai 1951, saa tisa mchana. Walubengo, karani wa ghala la mizigo katika stesheni ya Eldoret, aliletwa pale na rafiki yake Kimeli, seremala aliyejenga jukwaa.

"Njoo ucheke kidogo," Kimeli alikuwa amemwambia. "Uso wako umekuwa kama gunia tupu."

Sababu ilijulikana. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu mkewe Nekoye arudi kwao Kimilili. Hakupigwa wala kutukanwa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga katika hospitali ya misheni, na hospitali ilitaka barua yenye sahihi ya mume kwa kila mwanamke aliyeolewa. Walubengo alisema atafikiri. Alifikiri kuanzia Machi hadi Mei, ndipo Nekoye akaondoka. Masomo yangeanza Jumatatu, yaani kesho kutwa.

Walikaa benchi la mbele. Mchezo ulikuwa umeanza tu wakati watu wa mlangoni walipompisha mama mnene mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Walubengo aligeuka, akamtambua. Alikuwa Mama Nabwire, mama yake Nekoye.

Kwa desturi ya Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono wala kuketi chumba kimoja. Walubengo aliruka nyuma ya nguzo na kujifunika koti kichwani. Nguzo ilikuwa na unene wa paja la mtu. Pande zote mbili alionekana.

"Karani anaogopa mvua ndani ya nyumba!" mtu akapaza sauti.

"Nyamaza, ni mkwe wake," mwingine akamwambia, na vijana watatu wa Kibukusu wakasogea kumkinga. Mama Nabwire naye alikuwa amekwisha kugeuka. Aliketi benchi la mlangoni, uso nje, mgongo kwa jukwaa. Hivyo akausikia mchezo bila kuuona, na Walubengo akauona bila njia ya kutoka.

Wachezaji walikuwa walimu. Mchezo ulimhusu Mzee Amri, ambaye nyumbani kwake hakuna kilichofanyika bila ruhusa yake. Ng'ombe alisimama na maziwa yake akingoja ruhusa ya kukamuliwa. Jirani alikuja mbio kusema kwamba paa linaungua, akaambiwa asubiri mzee amalize chai. Kisha Amri akasafiri kwenda Burnt Forest kuuza viazi, na mkewe akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga, ambaye alikuwa Mwalimu Kibet mwenye masharubu na leso, alifika akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nimekatazwa kuingia bila ruhusa."

"Mwenye ruhusa yuko wapi?"

"Anauza viazi."

"Basi mwambieni na mtoto asubiri bei ipande!"

Ukumbi ulivuma kwa kicheko. Walubengo alicheka mpaka koti likamwanguka. Kutoka mlangoni alisikia kicheko cha mama mkwe wake, kikubwa kuliko vyote, halafu kikakatika ghafla. Naye akaacha kucheka. Aliokota koti lakini hakujifunika tena.

Jukwaani mkunga aliingia bila ruhusa, na mtoto akalia. Amri aliporudi, wanawake walimfungia nje. Alifoka, akatisha, akachoka. Mwishoni akaketi juu ya magunia yake ya viazi na, kwa mara ya kwanza maishani, akapiga hodi kwake mwenyewe. Hakuna aliyemjibu. Pazia likavutwa.

"Hata hawakumjibu?" mtu akalalamika.

Watu walisimama, lakini Mama Nabwire hakuondoka mlangoni. Alisema kwa sauti, bado amewapa mgongo, "Wewe seremala, nisaidie. Yule mtu yuko nguzoni?"

"Yuko, mama," Kimeli akajibu.

"Mwambie sikuja kwa mchezo. Majirani zake walinielekeza hapa. Ninayo ile barua."

"Walubengo, mama anasema anayo barua."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Na mimi nimemsikia, mimi si kiziwi! Lakini wewe endelea kusema. Mwulize alikuwa anafikiri nini tangu Machi."

Kimeli aliuliza. Walubengo alilikunja koti lake. Watu kama sitini walikuwa wakingoja.

"Mwambie niliogopa," alisema. "Wenzangu stesheni wangeniita mume wa mkunga."

"Na kuanzia leo watakuitaje?" kijana mmoja akadakia. "Karani wa Nguzo!"

Walicheka. Mama Nabwire aliwaacha wamalize.

"Mwambie mume wangu aliitwa mume wa mfinyanzi miaka thelathini, na chakula kilichopikwa katika vyungu vyangu hakuwahi kukikataa."

Kisha akaitoa barua, akaipitisha nyuma ya bega lake bila kugeuka. Ilipita mikono minane hadi nguzoni. Walubengo alichomoa kalamu mfukoni, akaiweka karatasi kwenye mgongo wa Kimeli na kutia sahihi. Barua ikarudi kwa njia ileile.

"Mwulize kama Nekoye atarudi," alisema.

"Mwambie barua hii ni ya hospitali," mama akajibu kabla Kimeli hajafungua kinywa. "Mambo ya kurudi amwulize mwenyewe. Basi lake litapita hapa Jumatatu saa mbili asubuhi."

Jumatatu Walubengo aliomba ruhusa ya saa moja kazini. Basi kutoka Kimilili lilisimama kujaza maji, na Nekoye akashuka kujinyoosha. Walisalimiana kwa mikono. Nekoye aliuliza kama kazi inaendelea, akajibiwa inaendelea.

"Masomo ni ya muda gani?" Walubengo akauliza.

"Miezi kumi na minane. Iliandikwa kwenye barua, mstari wa pili."

"Sikuisoma."

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi. Nilitia sahihi tu."

Nekoye alimtazama. "Tangu Machi umekataa karatasi ambayo hukuisoma?"

"Ndiyo."

Alijaribu kukasirika, lakini kicheko kikamshinda. Dereva akapiga honi.

"Likizo ni Desemba," alisema akipanda. "Niandikie. Uliza unachotaka kuuliza, na mimi nitakujibu."

Basi liliondoka saa mbili na robo. Walubengo alirudi stesheni dakika ishirini kabla ya muda wake kwisha, akaomba karatasi mbili za barua kwa mwenzake. Ya kwanza aliiharibu.