Sabufa Ilipokaa Kwenye Kiti Changu

Usiku wa jana niliota nimerudi kutoka dukani nikaikuta sabufa imekaa kwenye kiti changu, mbele ya meza ya kompyuta, imekunja nne.

Sikushangaa. Nilichojiuliza ni mimi nitakaa wapi.

"Shikamoo," nikasema, maana ndiyo iliyokuwa kwenye kiti.

"Marahaba, Baba Perusi. Vua viatu. Leo utatambaa."

Niseme kwanza, watu wasije wakadhani mimi ni mpenda muziki. Mke wangu Foibe alikuwa mwanakwaya. Aliimba besi, sauti ya wanaume, kwa sababu wanaume wote walijitoa siku viongozi wa kwaya walipogawana vitambaa vya sare wao kwa wao. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki. Sauti yake imebaki kwenye wimbo mmoja tu, wa sikukuu ya mavuno, beti nne, uliorekodiwa kwa simu. Kwenye zile spika mbili ndogo za mezani unasikia akina mama wa sauti ya kwanza peke yao, kama mbu. Ndipo binti yetu Perusi akanitumia sabufa, spika ya besi, akasema, "Baba, mama yuko kwenye besi. Hizo ndogo haziwezi kumtoa." Nikaiweka juu ya kabati, nikaifunika kitambaa cha kufuma, nikatia na maua ya plastiki. Foibe hakusikika.

"Umeniweka juu kama keki ya harusi," sabufa ikasema. "Mdomo umeniziba kwa kitambaa. Halafu unamnung'unikia marehemu kwamba haimbi."

"Sikufundishwa. Mimi niliishia darasa la nne."

"Kanuni ni moja. Mimi nakaa mahali pa masikio yako. Wewe unatambaa chumba kizima. Pale utakaposikia besi imekaa sawa, hapo ndipo mahali pangu. Lakini wimbo una beti nne. Kila ukikosea mahali, ubeti mmoja unaondoka, na haurudi."

"Unakwenda wapi?"

"Mimi ni sabufa tu. Waulize wakubwa."

"Nitawapata wapi?"

"Wako semina."

Nikapiga magoti. Wimbo unaanza.

Natambaa. Chumba changu ni hatua tano kwa nne, nakijua, lakini leo kona iko mbali kama stendi. Nafika nimelowa jasho. Kumbe pale konani ni ofisi. Kona mwenyewe amekaa nyuma ya meza, mnene, shingo imezama kwenye tai, anakunywa chai ya maziwa.

"Ukinipa moja, natoa nne," anasema. "Mlete huyo mama nimkuze."

"Asikuzwe, mheshimiwa. Asikike tu."

"Ni kitu kimoja hicho."

Akamkuza. Ikatoka sauti kama ya lori la mchanga linalopanda mlima. Kuta zikatetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani, na mimi sikushika hata neno moja. Hapakuwa na Foibe mle. Palikuwa na ukubwa mtupu. Hao ndio tuliowapa vyeo. Unawapelekea jambo lako dogo la kweli, linarudi likiwa kubwa na halina mtu ndani.

"Umeridhika?" Kona akauliza.

"Sijamsikia."

"Andika barua. Uipitishe kwangu."

Ubeti wa kwanza ukanipita, ukatoka mlangoni. Ulikuwa umevaa sare ya kwaya. Niliuita, haukugeuka.

"Zimebaki tatu," sabufa ikasema kutoka kitini. Ilikuwa imeshavaa na miwani yangu.

Nikageuza haraka, nikashika njia ya katikati ya chumba. Sakafu inakuwa ya vigae vyeupe. Kuna mabenchi, kuna watu wameshika karatasi za namba, kuna dada amekaa nyuma ya kidirisha. Naiona sabufa kwa mbali, ngozi yake inakwenda mbele na nyuma, inafanya kazi kweli, lakini sisikii kitu. Hata pumzi yangu siisikii.

"Hapa ni katikati," dada wa kidirishani ananiambia. "Wimbi linalotoka huku linakutana na linalorudi kutoka kule, yanamalizana. Sauti hapa hazifiki, baba. Kaa kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kutosikika."

Benchi lile nililijua. Nilishalikalia nikiwa macho. Nilisema mke wangu anapumua vibaya, nikasema mara nne, na kila mtu akawa ananitazama mdomo tu. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mwenye ufunguo alikuwa kikaoni.

Nilitaka kusimama nimpe yule dada maneno yake. Nilipofungua mdomo, ubeti wa pili ulikuwa umeshakwenda, na sikujua hata ulianza lini.

"Mbili," sabufa ikasema. "Unapoteza muda kwa kugombana."

"Na wao je, hawakunipotezea?"

"Mbili, Baba Perusi."

Nikakimbilia mezani kwangu, kukimbia kwa magoti. Meza imekuwa ndefu kama paa la kanisa. Chini yake waya zimelala zimekumbatiana.

"Huku chini pangefaa," meza ikasema, "ila wewe ukikaa kwenye kiti, magoti yako yatamziba."

"Basi nitayavua."

Nikayavua, nikayapanga karibu na mlango, pamoja na viatu. Nikaingia chini ya meza kwa tumbo. Nikatega sikio. Na hapo nikamsikia. Sio kuimba, ni ile pumzi anayovuta kabla ya kuimba. Nikafurahi nikainua kichwa kumwambia Perusi, kikagonga ubao, na ubeti wa tatu ukatawanyika kama kuku.

"Moja," sabufa ikasema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha.

Naigeukia. "Niambie yuko upande gani!"

"Besi haina upande. Huwezi kunyoosha kidole ukasema iko pale."

"Mimi nilizika mtu. Nilionyeshwa kwa kidole, nikaambiwa yuko pale."

"Aliyekuonyesha hajui besi."

Natambaa kwa tumbo. Nakwepa kona, nakwepa vigae vyeupe. Ndipo sauti nzito inasema karibu kabisa na sakafu:

"Baba Perusi, hata magoti umeyavua? Kanisani miaka thelathini ulikataa hata kuyapiga."

"Foibe! Uko wapi?"

"Niko huku chini. Wewe unanitafuta kwa juu tangu siku ya kwanza. Shuka. Siyo huko kwa waheshimiwa. Huku. Bado shubiri mbili."

"Ukuta upi?"

"Nyamaza, naanza."

Akaanza ubeti wa nne. Nikanyoosha mkono. Sakafu ikawa na joto, kifua kikajaa, kila neno likakaa mahali pake.

"Hapo!" sabufa ikapiga kelele. "Weka alama! Weka alama upesi!"

Sina chaki. Sina mkaa. Natafuta mfukoni, na mfuko hauna mwisho.

Nikaamka niko sakafuni. Mkono nimeunyoosha, lakini nilikuwa nimeshageuka, kwa hiyo sikujua ulikuwa umeelekea wapi. Jua limeshaingia. Umeme hakuna tangu juzi, wakati wenyewe walitangaza saa sita tu. Kompyuta imelala. Nikakaa nikiwaza kwamba beti zote nne zimekwisha, na siwezi hata kuiwasha nijue.

Mlango ukagongwa. Ni Mama Lusajo, tunapakana ukuta. Amehamia mwezi uliopita, Foibe hakumkuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani, sijaja kwa shari. Huyo baba mgeni wako anaimba vizuri, wala sikatai. Ila asiimbe kausogelea ukuta hivyo. Sahani zangu zimegongana asubuhi yote. Moja hii hapa, imepasuka."

"Baba gani?"

"Si huyo mwenye sauti nzito? Wa nyimbo za mavuno."

Nikaishika ile sahani. "Ameimba beti ngapi?"

"Zote nne, mzee. Nilihesabu nikisubiri amalize."

"Na sahani zako huwa unaziweka wapi?"

"Chini, kwenye kreti, imeegemea ukuta wako. Kwani vipi?"

"Nitakupa zangu mbili. Nenda ukaugonge ukuta hapo hapo zilipo."

"Niugonge?"

"Kwa nguvu, mwanangu."

Nikarudi ndani, nikaiteremsha sabufa, nikapiga magoti nikiwa nimeipakata, nikasubiri agonge.