Suruali ya Fundi

Benchi la kliniki lilikuwa na watu tisa, na aliyeshindwa kutulia ni mmoja tu, fundi cherehani. Akae, ainuke, aegemee ukuta, akae tena. Mpira wa mkojo aliowekewa siku ya kuondolewa tezi dume yenye saratani ulitakiwa utolewe baada ya wiki mbili. Hii ilikuwa ya nane. Tangu jana homa ilimpanda, na mkojo ukawa kama maji yaliyooshewa mchele.

"Tulia basi, mume wangu. Utadhani umekalia siafu."

"Heri siafu, mama watoto. Siafu hutolewa bila sahihi ya daktari."

Zamu yake ilipofika, karani alimpima kwa macho kama mtu anayechagua nyanya.

"Mzee, wewe mbona mzima? Wagonjwa si hao, mifuko yao ya mkojo mkononi! Rudi nyuma."

Kosa lilikuwa la mikono yake mwenyewe. Kwa kuona haya alikuwa amejishonea suruali yenye mfuko wa siri upande wa ndani wa paja, na ule mfuko wa mkojo ukalala humo kimya kama mtoto aliyeshiba. Suruali ilimkaa, weee! Angeweza kuivaa harusini.

Ikabidi afungue vifungo vya pembeni, mbele za watu. Karani akachungulia, akamwita muuguzi mkuu.

"Dada, nitoe tu," fundi akasema. "Mara ile ulisema ni kazi ya dakika mbili."

"Hata moja haifiki, baba. Lakini sahihi ni ya daktari, na daktari yuko semina. Njoo mwezi ujao."

"Nina homa."

"Nitaandika." Kalamu haikutoka mfukoni. Muuguzi alikuwa amechuchumaa, anapapasa mshono. "Hii umeshona mwenyewe? Hata tone halionekani! Baba, wewe utatufaa. Wanaosubiri kama wewe ni thelathini, na wanatulowanishia mabenchi. Ukija, uje na suruali kama hii, thelathini."

Mkewe akacheka kicheko kikavu. "Tumeleta mgonjwa, tunarudi na oda."

Pale benchini mzee mmoja aliweka mfuko wake sakafuni, akasimama taratibu, akatanua miguu apimwe. Wa pili akasimama nyuma yake. Wakapanga foleni.

Fundi akapapasa shingoni. Futi yake ya kupimia ilikuwepo, kama kawaida. Akapiga goti, mpira ukamvuta ndani, akauma meno. Akaunyoosha utepe kwenye paja la yule mzee, lakini kwa ile homa inchi zikawa zinacheza tu machoni, hazisomeki.